Umetibiwa mishipa ya miguu? Mguu na jua visionane kwanza

Mwaka jana mwezi wa 6 nilichomwa sindano za kukausha mishipa mguu wa kushoto, ile mishipa ya varikosi inayovimba na kujipinda chini ya ngozi kama mizizi ya mwembe, nilikuwa nayo tangu mimba ya pili na mtoto mwenyewe saivi yuko darasa la 6. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar na kazi yetu mnaijua, unasimama mstarini, unasimama ubaoni, ukishika zamu ndo unasimama mpaka jioni, ikafika mahali mguu unawaka moto usiku na kifundo kimevimba hata kiatu hakipiti. Matibabu yenyewe yalienda vizuri sina la kulalamika. Ila siku ile nilipewa maelezo marefu kabisa kuhusu soksi za kubana, kuhusu kutembea, kuhusu kutokaa kwenye basi masaa mengi, alafu jua likapata sentensi moja tu nikiwa nimeshashika kitasa cha mlango, "na mama usianike mguu juani". Basi. Nikasema sawa dokta nikaenda zangu, na wiki ya 3 nikaja kuelewa kwamba ile sentensi ilitakiwa ikaliwe chini iongelewe nusu saa.

Kwahiyo naandika hapa yale ninayowaambia walimu wenzangu na ndugu wanaoenda kutibiwa, maana wengi tunaogopa sindano, tunaogopa gharama, hakuna anayetuambia kwamba kwa ngozi zetu nyeusi kitu kitakachokusumbua muda mrefu kuliko maumivu ni alama.

Kwanza uelewe kinachotokea ndani, ukielewa hapa mengine yote utayafuata bila kulazimishwa. Dawa inayochomwa, mara nyingi polidokanoli, ya maji au iliyogeuzwa povu, kazi yake ni kuwasha ukuta wa ndani wa mshipa mbovu mpaka kuta zishikane, mshipa ufunge, alafu mwili wenyewe uunyonye taratibu kwa miezi. Wanaotibiwa kwa leza au kwa mawimbi ya redio ni wazo hilo hilo, pale mshipa unafungwa kwa joto. Damu inatafuta njia kwenye mishipa mingine mizima, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Sasa wakati mshipa unafunga, kuna damu kidogo inabaki imenaswa ndani na nyingine inavuja kwenda kwenye ngozi, zile seli nyekundu zikivunjika zinaacha chuma, na hicho chuma kinahifadhiwa pale chini kama punje za rangi zinaitwa hemosiderini. Rangi yake ni kama kutu ya bati. Ndo ule mstari wa kahawia unaouona ukifuata njia ya mshipa uliokuwepo, na watu wengi wanadhani wameungua na dawa au wamechomwa vibaya, hapana, ni chuma cha damu yako mwenyewe.

Hiyo ni rangi ya kwanza. Rangi ya pili ni melanini, na hii ndo ya kwetu zaidi. Ngozi nyeusi ikikasirishwa na kitu chochote, chunusi, kuumwa na mbu, kukwaruzwa, sindano, inajibu kwa kumwaga melanini pale palipoumia, ndo maana mtoto akijikuna kipele anabaki na doa jeusi miezi. Sehemu uliyochomwa sindano imekasirika, ina uvimbe kwa ndani hata kama huuoni, sasa ukiianika juani unazipa seli za melanini amri ya pili juu ya ile ya kwanza. Matokeo yake unapata kutu chini na weusi juu. Kutu peke yake kwa watu wengi inafifia ndani ya miezi 6 mpaka 12. Ukiongeza weusi wa jua juu yake umejiongezea muda mwenyewe, na hakuna krimu inayoweza kuingia ikachomoa kile chuma. Hii sentensi naomba irudiwe kwa kila mtu: hakuna krimu inayochomoa chuma. Mwili unakisafisha wenyewe kwa mwendo wake na kazi yako ni kutouongezea kazi.

Kuna jambo la joto pia. Jua likiupiga mguu mishipa inatanuka, damu inajaa, mguu unavimba, na pale tunataka mshipa ulale umebanwa ushikane. Kwahiyo hata ukijipaka losheni nzuri namna gani, kukaa juani wiki za mwanzo bado siyo sawa.

Sasa muda. Kwa sindano, wengi wanaambiwa wiki 2 mpaka 4 bila jua moja kwa moja kwenye sehemu iliyotibiwa, ila mi nakwambia usihesabu kalenda, angalia ngozi. Kama bado kuna michubuko ya zambarau au njano, kama bado ukigusa panauma au pana vijinundu, bado hujamaliza, endelea kufunika. Na kama una alama ya kahawia basi kinga inaendelea mpaka ifutike, hata kama imepita miezi 8 tangu utibiwe. Waliotolewa mshipa kwa vitundu vidogo vidogo nao wanangoja vitundu vifunge kabisa, na kile kikovu kipya bado kinashika weusi kirahisi sana kwa miezi mingi baada ya hapo. Na kama ukoo wenu mna ngozi ya kuota makovu yaliyovimba, mwambie daktari kabla hajakata, sio baada. Daktari wako akikupa muda tofauti na wangu fuata wake, yeye ndo kaona mguu.

Wiki ya 3 sasa. Siku za soksi nilizopewa zilikuwa zimeisha, najisikia mwepesi, shuleni ikawa siku ya michezo, nikavaa sketi ya kufika chini ya magoti nikakaa na walimu wenzangu chini ya mwembe tunaandika matokeo. Asubuhi kivuli kilikuwa kizuri kabisa. Kufika saa 6 kivuli kimeshahama na mi nimezama kwenye karatasi, miguu imebaki nje juani kuanzia goti kwenda chini, nimekuja kushtuka panachoma. Labda saa nzima na nusu. Siku 4 baadaye ile mistari ambayo ilikuwa rangi ya chai ya maziwa ikawa rangi ya kahawa, na pembeni yake pakatokea madoa madoa ambayo hayakuwepo. Nililia kiukweli, maana nilienda kutibiwa ili nivae sketi kwa amani. Kivuli kinatembea jamani. Ukikaa chini ya mti angalia jua linaelekea wapi na ukae upande ambao kivuli kinakuja, sio upande kinaokuacha.

Na jua letu sio la kulinganisha na la hao wanaoandika mashauri huko Ulaya. Kuna kipimo cha ukali wa miale ya jua, wanaita UV indeksi, simu nyingi ukifungua hali ya hewa utakiona. Shirika la Afya Duniani wanasema kikifika 3 anza kujikinga, kikifika 11 na kuendelea ndo daraja la juu kabisa. Hapa Dar tuko karibu na ikweta, mchana wa saa 6 au 7 kugusa 11 au zaidi ni kawaida sana, na Mombasa, Zanzibar, Mtwara hawana tofauti na sisi. Walioko juu kama Arusha, Nairobi, Mbeya wasidanganyike na ule ubaridi, ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi na miale inaongezeka, baridi haizuii jua. Mawingu mepesi nayo yanapitisha miale mingi, hata mpaka asilimia 80, ndo maana unaweza ukaungua siku ambayo hukuliona jua kabisa. Na ufukweni mchanga unalirudisha jua likupige kutoka chini, kwahiyo ule mwavuli wa makuti unakukinga juu tu.

Kama huna simu ya hayo mambo tumia kivuli chako. Simama, kikiwa kifupi kuliko wewe basi jua ni kali jifiche, kikiwa kirefu kukuzidi jua limepoa. Kwetu huku hiyo ni kama saa 3 na nusu asubuhi mpaka saa 9 na nusu mchana, inasogea kidogo kutegemea na mwezi. Safari za sokoni, kufua, kuanika, kufagia uwanja, zisogeze asubuhi mapema au jioni kwa mwezi mmoja, familia itakuelewa.

Nguo ndo kinga namba moja, losheni ni namba mbili, na watu wanageuza hii kwa sababu losheni inaonekana ya kisasa. Sisi wa pwani tuna bahati, dera, kanga, baibui, gauni la kitenge refu, suruali ya kitambaa, vyote vinafanya kazi. Cha kuangalia ni kitambaa kilivyofumwa: kinyanyue uelekeze kwenye taa au dirisha, ukiona mwanga unapenya wazi na vidole vyako unavihesabu, jua nalo linapita. Kanga mpya ya pamba iliyoshikana ni nzuri, ile iliyochujuka na kulainika kwa kufuliwa miaka 10 ikunje mara mbili. Rangi iliyokoza inazuia zaidi kuliko nyeupe, na kitambaa cha pamba kikilowa kinazuia kidogo kuliko kikavu. Kwenye bodaboda ndo hatari ya kusahau, ukipanda nguo inapanda nayo na mguu unabaki nje dakika 20 nzima pale kwenye foleni, mi natembea na kanga moja kwenye mkoba kazi yake ni hiyo tu, naifunga kiunoni inafunika mpaka chini na naibana kwa paja isipeperuke kuingia kwenye tairi. Dirisha la daladala pia, kioo kinazuia ile miale inayounguza lakini ile ya UVA inayoleta weusi inapita nyingi tu, kwahiyo kaa upande wa kivuli au tandika kanga mapajani. Wanaume nanyi, bukta mtaiweka kabatini kwa muda, mume wa mwalimu mwenzangu ni fundi ujenzi alitibiwa akarudi saiti na kaptula, madoa yake mpaka leo yapo.

Soksi. Mi niliambiwa wiki 2, wengine wanapewa siku chache, Uingereza mwongozo wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, unasema kama mtu atavalishwa soksi au bandeji baada ya matibabu isizidi siku 7, kwahiyo usishangae jirani yako akipewa muda tofauti na wewe. Raha moja ya ile soksi nene ni kwamba inafunika, jua halioni ngozi. Shida ni joto la huku. Ngozi ndani inatoka jasho mchana inakauka usiku, inawasha, na ukiwashwa utajikuna, na ukikuna umerudi kule kule kwenye melanini. Nilichofanya mimi: soksi navaa asubuhi kabla sijashuka kitandani mguu ukiwa haujavimba na ngozi ikiwa kavu kabisa, bila mafuta, maana mafuta yanafanya isipande na yanakula mpira wake. Usiku nikiruhusiwa kuvua ndo napaka. Ule utepe wa silikoni wa juu pajani ukikuletea vipele geuza utepe kidogo au weka kitambaa chembamba cha pamba chini yake, ukizidi rudi ukabadilishiwe aina. Inafuliwa kwa mkono kwa sabuni laini kila siku au siku moja moja, unaikamua kwa kuibana ndani ya taulo sio kuisokota, na inaanikwa kivulini. Hata soksi yenyewe jua linaiua.

Kuoga sasa, na hapa tunakosea wengi kwa sababu ya tulivyolelewa. Maji ya baridi au ya vuguvugu kidogo tu. Maji ya moto, kujifukiza, kukandwa, kukaa kwenye beseni la maji ya moto, weka pembeni kwa wiki 2 angalau, joto linatanua mishipa kama nilivyosema. Najua mama zetu wakisikia mguu unauma kitu cha kwanza ni kuchemsha maji wachukue taulo wakukande, na upendo wao upokee lakini mwambie "mama huu mguu kwa sasa haukandwi". Kuchuliwa pia hapana, si kwa mafuta ya karafuu si kwa dawa ya kuchua ya dukani, ile sehemu ina mshipa unaojaribu kushikana na wewe unaenda kuukanyagakanyaga. Dodoki weka mbali na jiwe la kusugulia lishie kwenye kisigino. Paka sabuni kwa kiganja, suuza, pangusa kwa kubonyezabonyeza taulo. Vile viganda vidogo kwenye tundu za sindano viache vidondoke vyenyewe.

Mafuta ya kawaida yanatosha. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, losheni isiyo na marashi, mafuta ya nazi kama ngozi yako inayapenda, kila siku ukishaoga ngozi ikiwa na unyevu bado. Ngozi iliyolainika inapona vizuri na haiwashi. Ila mafuta ya nazi sio kinga ya jua, naona watu wanaandika kwamba yanakinga na wanaenda nayo ufukweni, kinga yake ni ndogo mno na huwezi kuitegemea kwa jua la 11.

Losheni ya kukinga jua yenyewe anza nayo pale tundu zote zimefunga na hakuna kidonda, usipake juu ya ngozi iliyo wazi. Tafuta iliyoandikwa SPF, yaani kipimo cha nguvu ya kinga, ya 30 au zaidi na iwe imeandikwa inakinga UVA pia, maana ile namba ya SPF inaongelea zaidi UVB, inayounguza. 30 inazuia kama asilimia 97 ya hiyo UVB na 50 inazuia kama 98, kwahiyo usijinyime chakula kutafuta 100, kiasi unachopaka kina maana kuliko namba. Na hapo ndo tunaibiana wenyewe, tunapaka kama marashi. Mguu mmoja mzima unataka vijiko 2 vya chai, kuanzia goti kwenda chini kijiko 1 kilichojaa. Paka dakika 15 mpaka 30 kabla hujatoka, rudia kila baada ya masaa 2 ukiwa nje, na ukitoka jasho sana au ukilowa rudia hapo hapo.

Zile za madini, zinki oksaidi au titaniamu, hazichokozi ngozi iliyokasirika ila zinatuacha weupe kama tumepaka majivu. Mi nimekuja kupenda zenye rangi ya ngozi ndani yake, zinawekewa oksaidi ya chuma, na hiyo sio urembo tu, kwa ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unaweza kuamsha melanini na ile rangi ndo inauzuia, losheni ya kawaida isiyo na rangi haiuzuii vizuri. Ukipata inayofanana na ngozi yako inakufichia na alama, unaenda harusini vizuri tu. Nunua famasi au duka unaloliamini, angalia tarehe ya kuisha, na usiiache kwenye gari au dirishani, ikipikwa na joto inaharibika hata kama tarehe bado.

Niseme kitu hapa pembeni. Watu wanaoijua kinga ya jua kuliko wote nchi hii ni ndugu zetu wenye ualbino, na kule Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC ndo ilikoanzia kutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao. Ukitaka kujifunza kofia pana, mikono mirefu, kutembea upande wa kivuli, waangalie na uwaulize kwa heshima, wao wanafanya maisha yao yote kile ambacho sisi tunashindwa wiki 4. Lakini losheni yao ni ya kwao, sisi tukanunue dukani.

Sasa vitu vya kutopaka, na hapa nisikilizeni. Baada ya ile siku ya mwembe wifi yangu alikuja na ndimu, kwa nia njema kabisa, kata paka inatoa weusi. Ndimu ni moja ya vitu vibaya kuliko vyote unavyoweza kuweka kwenye ngozi alafu ukatoka, ina kemikali ambayo ikikutana na jua inaunguza ngozi kweli kweli, malengelenge kabisa, na inaacha doa jeusi la wiki na miezi. Mwenye kukamua ndimu juani bila kunawa anaweza kupata madoa mikononi, hapo hajajipaka kusudi. Limao vile vile. Nilimshukuru wifi ndimu tukaitia kwenye samaki.

Mkorogo ndo kilio changu kikubwa. Unaenda dukani unaonyesha mguu, muuzaji anakuchanganyia kikopo, "hii dada wiki mbili tu". Humo mara nyingi kuna haidrokwinoni, zebaki, au krimu kali za steroidi kama klobetasoli, na Tanzania na Kenya zote zimepiga marufuku vipodozi vya haidrokwinoni na zebaki, sio kwa uonevu. Kwako wewe uliyetibiwa mishipa angalia inakufanyaje: kwanza haitoi kutu maana ile ni chuma sio melanini. Pili steroidi inakondesha ngozi, ngozi ikikonda vimishipa vidogo vinatokeza juu vyekundu na bluu, yaani unanunua upya ugonjwa uliolipa kuutoa. Tatu haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kugeuka ikaleta weusi wa kibluu ambao kuutoa ni kazi ngumu mno. Na ngozi iliyokorogwa haina ulinzi wake wa asili, jua linaipiga moja kwa moja. Kama unatumia mkorogo tayari mwambie daktari kabla ya matibabu, hatakuhukumu, anahitaji kujua ngozi ikoje.

Harusi zikija kuna hina na piko. Hina ya majani yenyewe kwa wengi haina neno, ila usichorwe juu ya sehemu iliyotibiwa mpaka ipone. Piko nyeusi ile inayochanganywa na rangi ya nywele ina kemikali ya weusi inayoitwa PPD, inaweza kukuletea malengelenge na alama za kudumu hata kwenye ngozi nzima, kwenye mguu uliotoka kuchomwa sindano ndo usijaribu kabisa.

Kuna dawa za kunywa ambazo zinafanya ngozi ilichukie jua, na hazisemwi. Doksisaiklini, ambayo watu wanapewa kwa maambukizi na wasafiri wanakunywa kujikinga malaria, ni moja. Baadhi ya dawa za presha za kukojoza, haidroklorothiazaidi, ni nyingine. Usiache dawa yako ya presha kwa sababu yangu tafadhali, mweleze tu daktari unakunywa nini na ujifunike zaidi.

Bahari na bwawa ngoja mpaka tundu zote zifunge na upewe ruhusa, mi niliambiwa wiki 2. Ukiruhusiwa nenda alfajiri au saa 11 jioni, vaa taitsi ndefu za kuogelea.

Alafu ujue kutofautisha alama na hatari. Michubuko, kuwashwa kidogo, mstari mgumu kama kamba unaouma ukigusa, hivyo ni vya kawaida, ingawa ile kamba ikizidi kuuma na kuwa nyekundu piga simu kliniki. Sehemu ikigeuka nyeupe au nyeusi yenye maumivu makali siku za mwanzo, au ikifunguka kidonda, rudi siku hiyo hiyo. Mguu mmoja ukivimba ghafla na shavu la mguu linauma na kukaza, hiyo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, nenda hospitali usiku huo huo. Na ukibanwa pumzi, kifua kikauma au ukakohoa damu, usisubiri mtu arudi kazini, chukua usafiri wowote uende.

Kwa upande wa alama, piga picha. Mara moja kwa mwezi, dirisha lile lile, saa ile ile, mguu umeuweka vile vile, maana ukiuangalia kila siku huoni mabadiliko unakata tamaa na ndo hapo muuzaji wa mkorogo anakupata. Vijinundu vigumu vyenye rangi ya bluu iliyokoza wiki za mwanzo vionyeshe kwa daktari mapema, anaweza kutoboa kwa sindano akaitoa ile damu iliyonaswa, na ikitoka mapema kutu inapungua. Mwaka ukipita na doa halijasogea muone daktari wa ngozi aangalie, zipo leza za hayo madoa lakini kwa ngozi nyeusi nazo zinaweza kuleta weusi mpya, kwahiyo iwe kwa mtu anayezijua ngozi zetu na aanze na sehemu ndogo ya majaribio.

Picha yangu ya mwezi wa 7 ilikuwa kahawa. Ya mwezi wa 11 ilirudi chai ya maziwa. Ya mwezi wa 3 mwaka huu nimemuonyesha wifi akawa anatafuta ni mguu upi. Kanga ya kwenye mkoba bado ninayo.